Nilichungulia Disemba

Kalamu ya Tabitha, ile ya bluu inayovuja,
imeandika nyuma ya daftari lake la hesabu:
mbolea, deni la chama, mifuko kumi na miwili;
ada ya chuo, Oktoba, kabla ya tarehe tano;
bati mbili za bani, upepo ulizichukua;
mguu wa Nikodemo, rufaa, Tabora mjini, nauli.
Nikajumlisha mara tatu.
Mara tatu jibu likanitazama bila haya.

Sikonge ilikuwa imelala. Mimi sikulala.
Mbu mmoja ndani ya chandarua,
na mwaka mzima ujao, nao umeingia chandaruani.

Kanisani kwetu tuna neno la siku,
mstari mmoja kwa siku moja, kijitabu chembamba,
na kila mtu anajua hakisomwi kwa pupa.
Usiku ule, kwa tochi ya simu,
niliruka Juni, nikaruka Julai,
kama mtoto anayeiba sukari jikoni,
nikaenda kuchungulia Disemba,
nione Mungu amepanga kuniambia nini
siku ambayo mnunuzi atakuwa ameshaikataa tumbaku yangu.
Mstari ulikuwepo. Maneno mazuri.
Lakini hayakunishika popote.
Yalikaa pale kama nguo ya mtu ambaye hajazaliwa.

Asubuhi shemeji Msabila akanipitia,
gogo la mzinga begani, kamba ya magome, kipande cha nta.
"Nishikie panga, twende."
Tukaenda, umande ukitulowesha hadi magotini,
mpaka pale miombo inapofunga njia.
Akaupaka nta mlango wa mzinga, taratibu,
kama mama anayempaka mwanawe mafuta siku ya ubatizo.
Akaukwea mninga. Akauning'iniza.
Akashuka, akajipangusa, akaanza kuondoka.
Mzinga mtupu juu ya mti, na mtu mzima anapiga mluzi!

"Na nyuki wasipokuja?"

"Shemeji," akasema, bila hata kugeuka,
"nyuki sijawahi kuumba hata mmoja."

Nilicheka. Kisha nikanyamaza njia nzima.

Kumbe ndiyo kazi niliyojipa, Bwana.
Usiku kucha naumba nyuki.
Naumba wa Oktoba, naumba wa Disemba,
nawapulizia pumzi yangu mwenyewe,
na wakishapata mbawa
wananiuma mimi kwanza.

Siku hiyo nilichambua majani
hadi viganja vikawa vyeusi kwa utomvu.
Zege, hafifu, safi, hafifu.
Jioni sikupiga magoti, mgongo ulikataa;
nilisali nimekaa juu ya robota.
Nilikusudia kuomba mwaka.
Mdomo ukaomba leo.
Na leo ilikuwepo, tayari, mbele yangu:
ugali na mlenda,
Nikodemo akikoroma, mguu juu ya mto,
Tabitha mlangoni, mkono mbele,
"Mama, kalamu yangu."

Sitaki kukudanganya, wewe unayesoma.
Deni halijapungua hata senti.
Kesho naamka alfajiri kama jana,
kwa sababu nta haijipaki yenyewe.
Mzinga wa Msabila, wiki ya tatu hii,
nimepita chini yake, nimetega sikio: kimya.
Kijitabu kiko dirishani, kimefunguliwa penye leo,
nimekibana kwa kile kipande cha nta kilichobaki,
na kurasa zikinata, basi zinate.

Hofu bado huja. Saa tisa za usiku,
haibishi hodi, inajua mlango.
Naisikia ikivuta kigoda, ikitaka tuhesabu.
Naiambia: kaongee na Mwenye nyumba,
yeye hasinzii.

Halafu nageukia ukutani.