Siku ya Tatu

Safari ya siku mbili ndiyo inayotapisha.
Nawaambia abiria wangu, hawaniamini.
Wanapanda Kilindini na kofia za ukindu,
tikiti ya Unguja na kurudi,
wakidhani uchache wa siku ni nafuu ya tumbo.

Mimi ndiye mwenye ndoo.
Mwaka wa sita huu natandika vitanda sitaha ya nne.
Meli ikishaipita Ras Serani
sahani huanza kuteleza, shubiri, nusu shubiri,
na mtu aliyekuwa akicheka kwenye ngazi
hunishika mkono kama ndugu wa tumbo moja.
Nampa kipande cha tangawizi: tafuna,
wacha simu, tazama ule mstari kule mbali.
Anauliza, itaisha lini?
Namjibu, siku ya tatu.

Lakini siku ya tatu yeye yuko bandarini,
uso kama muhogo uliomenywa,
ameapa hatarudi, bahari haimpendi.
Bahari haikuwahi hata kumjua.

Bi Nimwaka wa Mwembe Tayari, muuza vitenge,
alikata ya siku kumi na mbili, mpaka Morisi.
Usiku wa kwanza alitapika hadi nyongo.
Wa pili akaniusia:
nikifa, cherehani apewe Salha, si yule mwingine.
Asubuhi ya tatu nikagonga mlango na ndoo yangu,
namkuta kwenye kioo anajipaka wanja,
meli inazama na kuibuka,
mkono wake hautikisiki.
"Niletee mayai," akasema,
"na hicho kidude chako kakifiche."

Sijui mwili hupiga hesabu gani gizani.
Daktari wa meli asema ni sikio, lina maji yake ndani,
hugombana na jicho:
huyu ashikilia tumekaa, huyu ashikilia twaenda,
na tumbo, mnyonge, ndilo lipigwalo
mpaka wenyewe wachoke, wapatane.
Siku tatu, kama matanga.
Ya nne watu hukunja mikeka.

Ila kuna jambo sijamwambia abiria yeyote.

Kila miezi minane meli huingia matengenezo
nasi hupewa siku tatu.
Nashuka, na saruji ya Kilindini
inapumua chini ya viatu vyangu.
Kwenye feri ya Likoni, kati ya mikokoteni
na watu wenye haraka zao, dakika kumi,
hapo roho hutulia.
Nikikanyaga ng'ambo, kigegezi.
Nyumbani Mtongwe nanawa uso nimeshika ukuta.
Mwanatumu aandaa chai, ajifanya hajaona.
Saumu, ana miaka mitano, aniita "wewe."

Usiku wa kwanza silali, kitanda hakisogei.
Wa pili twagombania bati la jikoni:
mimi nasema li sawa, yeye asema lavuja,
na amelala chini yake masika yote, mimi siko.
Jicho na sikio.

Asubuhi ya tatu naamka, sakafu imetulia tuli.
Mguu wa mtoto uko juu ya mbavu zangu, mzito, wa moto.
Harufu ya mahamri yaingia chini ya pazia
na nayataka. Nayataka manne.
Nakwenda jikoni bila kugusa ukuta,
nainua macho: bati lina tundu,
mwanga wapita, duara dogo kama shilingi
juu ya bega la Mwanatumu.
"Lavuja," namwambia.
Hajibu. Aongeza hamri kwenye sahani.

Sare yangu ishapigwa pasi, iko msumarini.
Gari la kampuni ni saa nane.
Mfukoni kanitilia ndimu mbili, za njiani.

Mimi baharini sitapiki.
Anajua.