Kitabu cha Wodi ya Chini

Mganga mkuu anataka muhtasari kufikia Ijumaa:
ni watu wa namna gani hawa wanaoletwa.
Nimekaa na kitabu. Mvua ya Tukuyu inapiga bati
kana kwamba haijapewa kazi nyingine.

Wa kwanza, Tweve, dereva, miaka hamsini na mmoja.
Alilala siku nne foleni ya Tunduma,
akajiendesha mwenyewe hadi getini,
akazima injini, akashindwa kushuka.
Safu ya Kazi nimejaza: dereva.
Safu ya Aliyemleta nimejaza: lori.

Wa pili na wa tatu ni ndugu. Hapana, si ndugu,
walizika pamoja Kiwira, wakanawa beseni moja,
wakala sahani moja, wakarudi na kikohozi kimoja.
Wa nne alipika kwenye msiba huohuo.

Kuanzia wa sita kalamu ikashika njia:
sukari. Presha. Sukari. Presha na sukari.
Wengi wanaume, wengi wamevuka hamsini,
wengi walikunywa majani ya kila aina kwanza
na kujifukiza chini ya blanketi hadi mishipa ikasimama.
Nikafurahi, Mungu anisamehe, nikaona muhtasari unakuja.
Ndipo akaletwa Ipyana, winga wa timu ya Katumba,
kumi na tisa, kifua kama mvukuto wa mhunzi,
akakaa ukingoni mwa kitanda akiitazama miguu yake
kama viatu alivyoazima.

Kitabu hiki kilichapwa zamani, hakina safu ya hewa.
Niliichora mwenyewe kwa rula na wino mwekundu.
Muuguzi Lugano hubana kidole cha mgonjwa kwa kile kibanio,
kisha huitamka namba kutoka mlangoni;
mimi niko koridoni, kati yetu kamba ya kuanikia nguo.
Themanini na nane. Themanini na moja. Sabini na tisa.
Namba ikishuka sana, na sauti yake hushuka.
Hapo huandika kwa kusoma midomo,
halafu hukumbuka kwamba midomo imefunikwa.

Asubuhi tunasalimiana kama kwetu: ugonile, umelala?
Wodi nzima haijafumba jicho.
Bado wanajibu, mmoja mmoja, kwamba wamelala,
adabu ikitangulia, pumzi ikifuata nyuma.

Wa kumi na saba, Tumwitike Mwaijande,
sitini na nane, mjane, presha, mwalimu mstaafu.
Aliomba aone nilivyomwandika.
Nikainua kitabu, nikakibandika kwenye kioo.
Akasoma jina, akakubali. Akateremka mistari,
akagonga kioo kwa ukucha.
"Si mbafu. Mbavu."
Akapumzika muda mrefu.
"Na pumuzi… ondoa u moja."
Ulimi tuliozaliwa nao haukupewa v;
miaka ishirini na miwili nimeandika mbafu za watu
na hakuna aliyewahi kunirudisha ubaoni.
Nilisahihisha kurasa zote, hadi za waliokwisha kuondoka.

Jumatano alfajiri Lugano alisimama mlangoni
bila kutamka namba.
Nikaenda safu ya mwisho, mstari wa kumi na saba,
nikaandika polepole: amefariki.
Nikairudia herufi kwa herufi.
Hapa ni f. Hapa, mwalimu, ni f kweli.

Kwa hiyo, mganga mkuu:
wanaume kumi na mmoja, wanawake wanane.
Wenye sukari saba, presha tisa, wengine vyote viwili.
Mmoja alikuwa na mbio tu.
Walioletwa na watoto wao kumi na wawili,
na wa kumi na tisa alikuja kwa miguu kutoka Masoko,
amejifunga mgolole, mkononi parachichi tatu
za kumpa atakayempokea.
Nilizipokea mimi. Sijui zinaingia safu gani.

Wananiita. Lori la mitungi ya hewa limenasa kwenye tope
pale chini, kwenye kona ya migomba,
na wanatafuta yeyote mwenye mabega.
Nafunga kitabu. Naenda kusukuma.