Chumba cha Kusini

Treni ya mabehewa mawili ilitushusha Oloron,
mimi na mzee mmoja aliyepakata kikaango kipya,
kisha ikaendelea bondeni, taa zake zikimezwa na mvua.
Nikamuuliza, milima iko wapi?
Akanyoosha kikaango.
"Pale." Na pale palikuwa peupe tu,
kama mtu kamwaga uji hewani ukagoma kuanguka.

Nyumba ya Bi Zélie Peyroutet iko kando ya daraja,
ghorofa ya tatu, ngazi zinanuka sabuni na supu ya kabichi.
Alishona kofia za sufu kiwandani miaka thelathini na minane;
vidole vyake vikikosa kazi
huchora duara juu ya meza, duara, duara.
Chumba cha kusini ni nafuu, alisema,
kwa sharti moja:
usifungue vibao vya dirisha nikiwa nyumbani.
Sikuuliza. Mgeni hutanguliza macho,
ulimi huja na mizigo.

Siku ya kwanza mvua.
Siku ya pili mvua, na soko la Ijumaa.
Kijana mwenye hereni moja alinikatia jibini ya kondoo
nyembamba kama kucha, akanipa kwenye ncha ya kisu.
"Hii ya Juni, majani yakiwa na maua.
Na hii ya Septemba. Umeonja tofauti?"
Nikasema nimeonja.
Nyuma yangu mama mmoja alicheka puani,
akanunua ya Juni bila kuionja.

Usiku, chini ya dirisha langu lililofungwa,
mito miwili inakutana.
Mchana nilikuwa nimeitazama kutoka darajani:
mmoja kijani cha chupa, mwingine rangi ya chai ya maziwa,
ikitembea bega kwa bega kwa kitambo
kama ndugu waliogombania shamba,
kabla ya kukubali jina moja.
Gizani niliisikia bado ikibishana.

Siku ya tatu mvua ilipungua, ukungu ukakaa.
Wakati wa chakula nikataka kumfurahisha.
Kwa Kifaransa changu kinachochechemea
nikamwambia kwetu tuna msemo,
milima haikutani, binadamu hukutana.
Akaweka upawa chini.
"Nani aliyewaambia haikutani?"
Maji ya supu yalitulia kwenye sahani.
"Mwaka ule theluji ilianguka mwezi wa Mei
mlima mmoja ulishuka ukamfuata mwenzake.
Kaka yangu Gratien alikuwa katikati,
na kondoo mia mbili na kumi, na mbwa."
Kidole kilichora duara.
"Mbwa alirudi."
Kisha akanisogezea mkate, na chumvi,
ambayo sikuwa nimeiomba.

Asubuhi ya kuondoka niliamshwa na mwanga.
Uliingia katikati ya vibao ukalala shukani
kwa mistari, kama daftari lisiloandikwa.
Nikauona mlima kwa vipande:
weupe, ubao,
buluu, ubao,
mwamba mweusi, ubao.
Jikoni Bi Zélie alikuwa anasaga kahawa.
Nikakunja shuka, nikaketi kitandani
na mikono magotini, kama mtoto aliyeachwa mlangoni pa duka.

Akaja kuchukua foronya. Akahesabu: moja, mbili.
Akanitazama. Akatazama dirisha.
"Umefungua?"
"Hapana."
Akahesabu foronya tena, zile zile mbili.
"Nakwenda kununua mkate," akasema,
akavaa koti, akafunga kitambaa,
na nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi
polepole, polepole kuliko magoti yake yalivyohitaji.

Nilipopita jikoni kunawa uso
mkate ulikuwapo mezani, mzima, bado una joto.

Nikarudi chumbani. Nikaweka mkono kwenye komeo
nikitarajia kutu, nikitarajia kulazimisha.
Likateleza lenyewe.
Kidoleni pakabaki mafuta,
mapya.