Kiungo cha Nne

Mita mbili za mpira wa manjano,
ule wanaokufungia mkono kabla ya sindano,
ndizo tulizopewa. Mwalimu Semhando akasema,
"Zikiisha zimeisha. Sina mjomba Bombo."

Roboti yetu ilikuwa na magurudumu ya vifuniko vya ndoo,
mota mbili za fotokopi iliyofia Barabara ya Ishirini,
na kazi moja: kuokota ndimu sakafuni
na kuzipandisha mpaka kikapuni
bila mkono wa mtu.
Kwa hiyo mkanda. Mkanda unaozunguka, usio na mwanzo.
Lakini mpira una ncha mbili,
na kazi yote ni kuzidanganya ncha hizo
kwamba hazijawahi kuachana.

Cha kwanza kilikuwa fundo.
Halikufunguka, lazima niseme,
ila kila lilipopita kwenye kapi
lilibisha hodi: tak.
Mzunguko, tak. Mzunguko, tak. Ndimu ikaruka
ikamgonga Shekue jino la mbele.

Cha pili, gundi, ile ya tone moja.
Mwanakombo alirudi Makorora jioni ile
kidole gumba na cha shahada vimeshikana
kama mtu anayeonja chumvi.
Gundi ilikauka ikawa kioo,
na kioo hakivutiki.

Cha tatu tulishona. Hoza, mtoto wa fundi cherehani,
alipiga mishono midogo ya pindo,
mizuri mpaka tukaona haya kuivuta.
Tulipoivuta, uzi ukala mpira
kama waya kwenye mche wa sabuni.

Sentimita arobaini zimeshakwenda.
"Kamba hukatikia pabovu," akasema Semhando
(anafundisha fizikia, lakini methali hazimkauki),
na pabovu penyewe
tulipatengeneza kwa mikono yetu.

Jumamosi nikapeleka baiskeli ya kaka kwa Nyange,
kona ya Barabara ya Kumi na Mbili.
Hakunipa hekima yoyote. Alikuwa anagombana na simu.
Ila huku simu ameibana kwa bega
alitemea mate kimpira cha valvu,
akakivisha kwenye kijiti chake,
akakivuta kuona kama kitatoka.
Kadiri alivyokivuta ndivyo kilivyokonda,
na kadiri kilivyokonda ndivyo kilivyobana.
Nikasahau chenji.
Nikasahau na baiskeli.

Cha nne: mpira ndani ya mpira.
Kipande chembamba, kirefu kama punje tatu za mahindi,
nusu upande huu, nusu upande ule,
na spiriti kidogo: ikiwa mbichi inatelezesha,
ikipaa inaacha vishikane.
Ncha zikakutana midomo kwa midomo.
Tukafumba macho tukapitisha kidole
kutafuta zilipokutania.
Shekue akasema, "Hapa."
Hapakuwa hapo.

Siku ya mashindano, ukumbi unanuka rangi mpya,
mikanda minne, viungo vinne, ndimu kumi na tano.
Ya kumi na mbili iko njiani
mkanda wa kushoto ukakatika, paa!
Sote tukakimbilia kiungo kwa macho.
Kiungo kizima. Kimejilalia juu ya kapi
kama hakijui kinachosemwa.
Ulikatikia katikati, mahali pazima,
ambapo hakuna aliyepagusa
wala kupahofia.

Semhando alifungua mdomo, methali ikamkwama.
Mikanda mitatu ikaipandisha ile ya kumi na mbili
polepole, shingo upande.
Ya kumi na tatu ilianguka ikaviringika
hadi kwenye kiatu cha mwamuzi.
Tukawa wa tano.

Tanga, waja leo waondoka leo:
Shekue yuko Geita migodini, Hoza sijui.
Kiungo ninacho, nilikikata kutoka mkanda ule
nikakitia kwenye mkebe wangu wa jometri.
Mpira umeanza kupasukapasuka, rangi imekuwa ya chai.
Juzi mdogo wangu alikiona,
akauliza hiki ni kipande kimoja au viwili.
Nikampa avute.
Bado anavuta.