Majoho Kumi na Tisa

Yaliletwa kwa bajaji, yamesokotwa ndani ya viroba vya sembe,
majoho kumi na tisa ya halmashauri yetu,
na karani wa manispaa, jasho likimtiririka, akasema:
"Fundi Mwamini, wiki moja. Wenyewe wamebadilika."

Wenyewe wamebadilika. Kitambaa ni kilekile.
Kwapani mwa joho la Gungu bado mna chumvi ya mtu
aliyelala vikaoni miaka kumi, akaamka wakati wa kura tu.
La Bangwe lina doa la mawese ambalo hata mimi
nimeshindwa kulitoa, nami nimezaliwa Ujiji.
Nikafumua mapindo, nikakuta chaki yangu mwenyewe,
mistari ya kiuno: hapa alianza, hapa alifika
mwaka wa pili, hapa nikaishiwa kitambaa.

Sasa ni kumi na mmoja kwa wanane.
Mtaa mzima wa Mwanga unaijua hesabu hii,
wauza dagaa wa Kibirizi huipanga kwa visado:
wawili tu wakivuka meza, kumi na mmoja wanakuwa tisa,
na meya anarudi kuuza saruji.

Usiku wa matokeo tulipiga masufuria hadi yakabonyea.
Mimi pia. Sufuria langu la wali halikai tena sawa jikoni.

Wakaja kupimwa mmoja mmoja.
Diwani Nyamwiza wa Kasingirima alitaka lake lipandishwe,
"nina mlima wa kupanda, fundi, na tope lake,
na mabomba sita niliyoyataja jukwaani, moja moja."
Kijana wa Buzebazeba alijitazama kwenye kioo
mpaka mteja wangu wa gauni la harusi akakohoa.
Mzee Ntahondi, aliyeshindwa mara nne kabla ya hii,
aliinua mikono nimpime kifua
na hakuishusha. Alikuwa analia.
Nikaandika: kifua, inchi arobaini na moja.

Watu hupita, huegemea kizingiti: watadumu?
Mimi siasa siijui. Naijua mishono.
Mshono hauachii pale unapovutwa,
huachia pale fundi alipokuwa na haraka.
Wale waliotangulia hawakung'olewa na hotuba.
Ulikuwa ushuru wa shilingi mia tano kwa kila ndoo ya mawese,
na stakabadhi ambayo mama akiiomba anaulizwa yeye ni nani.
Uzi mdogo. Mtu akauvuta.
(Ankara yangu ya majoho ya muhula uliopita
naitunza chini ya cherehani. Haijalipwa.
Mrithi wa kiti ni mrithi wa deni; tutaona.)

Ijumaa, nimeshaegesha mlango, akaja Ruhwanya.
Peke yake. Akanong'ona kama mtu anayeposa:
"Joho halina mfuko."
Halina, nikamwambia. Halijawahi kuwa nao.
"Nitilie mmoja. Ndani. Upande wa moyo."

Nikashona. Mteja ni mteja.
Ila kitambaa nilikikata mara mbili, mkono uligoma.

Siku ya baraza la kwanza nilikaa nyuma, viti vya wananchi,
karibu na dirisha ambamo ziwa huonekana kama kipande cha satini.
Kumi na mmoja wakaingia, mapindo yako sawa, nikaringa kidogo.
Nyamwiza akasimama, akataja mabomba yake sita.
Wanane wakaguna. Meya akagonga meza.
Sikuwatazama. Nilikuwa namtazama mtu mmoja.

Ukafika wakati wa kura.
Mkono wa Ruhwanya ukaingia ndani ya joho, upande wa moyo,
ukakaa,
ukatoka na kalamu.

Kalamu tu. Nikashusha pumzi, nikajionea haya,
nikacheka peke yangu hadi askari akanigeukia.

Nilipofika nyumbani ndipo nilipokumbuka vipimo
alivyonichorea mwenyewe, kwa kidole, juu ya meza yangu:
upana inchi saba, kina inchi tisa.
Kalamu kwenye mfuko kama huo
huzama.