Kadi ya Sauti

Bożena aliingia theluji ingali viatuni,
kompyuta kaikumbatia kama mtoto mwenye homa.
"Niuzie kadi ya sauti," akasema, "iliyo bora."
Kazi yake kuandika maneno ya mahakamani:
husikiliza, hurudi nyuma, husikiliza tena.
Shahidi mmoja, seremala wa Wałbrzych,
kamkosesha usingizi siku tatu:
alisema nilikuwepo, ama sikuwepo?
Juu ya silabi ile moja pana mvumo,
nyuki ndani ya kopo.

Kadi ninazo. Zimo kabatini, zloti mia nne,
na kodi ya duka inanikodolea macho.
Lakini nilifungua sanduku kwanza.
Waya wa tundu la mbele ulipita
ubavuni mwa feni, ukifyonza kila kelele.
Nikahamishia hedifoni tundu la nyuma.
Nyuki wakanyamaza.

Akasikiliza, macho kafumba.
Mara saba.
Kisha akazivua, akacheka bila furaha:
"Sasa namsikia vizuri kabisa
anavyomung'unya maneno."

Nikamwambia, kadi haimfumbui mtu kinywa.
Akaniachia zloti ishirini na tufaha moja.

Usiku nafunga duka, nawasha mashine yangu,
yenye kadi niliyoinunua ujanani
kwa mshahara mzima, nikala viazi mwezi mzima.
Niulize kama tofauti naisikia.
Niulize, nami nitakujibu
kama yule seremala.