Mkate wa Jumanne

Ramani husema kilomita arubaini hivi,
ukipima kwa rula juu ya maji.
Tiketi husema dakika kumi na tano,
na humo wamehesabu hata kugeuka kwa ndege
mwishoni mwa njia ya kurukia.
Kutoka Vadsø hadi Kirkenes:
pua na mdomo,
ila katikati pana ghuba
na baridi isiyojua mzaha.

Mimi ndiye mwenye mizani.
Ndiye mkata tiketi, ndiye mwita abiria,
na theluji ikizidi, ndiye mwenye koleo.
Uwanja wetu mdogo; anayekohoa mlangoni
namjua kabla sijainua macho.

Hagbart Mikkola alikuja kila Jumanne,
seremala, kucha bado zina gundi,
mkate ameuviringisha ndani ya sweta la mkewe.
Inkeri alikuwa amelazwa ng'ambo,
wodi ya pili, dirisha linalotazama bandari.
"Begi?" "Sina."
"Na hicho?"
"Hiki si mzigo. Hiki ni saa."
Akanieleza bila kutabasamu:
ukitoka tanurini saa mbili na nusu
nami nikapanda ndege ya saa tatu,
ganda litapoa, lakini moyoni
siagi bado itayeyuka.
Siku siagi ikigoma,
ujue Kirkenes imesogea.

Ilisogea mara nyingi majira yale.
Jua lilikwisha kutuaga tangu Novemba.
Upepo ukiishika ndege ubavuni, rubani huzunguka,
huzunguka tena, hurudi,
na dakika kumi na tano huzaa saa nzima
ya kutofika popote.
Hapo Hagbart hushuka, hunipungia mkono,
huenda kuwasha gari:
magharibi kwanza, akiipa hospitali kisogo,
hadi ghuba inapokoma kule Varangerbotn,
kisha mashariki, ukingo wa pili,
kilomita mia na sabini
kuyazunguka maji yale yale.
Mkate ulifika mgumu kama ubao.
Inkeri akauchovya kwenye kahawa, akasema,
"Fundi wangu, huu ungeupiga randa kwanza."

Machi, mchana umeanza kurefuka,
walinipigia simu mimi kabla yake,
sijui kwa nini.
Nikamwekea nafasi ya kurudi naye,
nikaandika uzito, nikaufuta.
Alikataa.
"Kwa ndege," alisema, "hatutamaliza."
Akapanda mbele kwenye gari la maiti,
kando ya dereva kijana aliyezima redio,
akaongea njia nzima kwa Kikveni,
shingo ameigeuzia nyuma.
Pale Varangerbotn, dereva aliniambia,
aliomba wasimame kidogo:
kulikuwa na jambo la mwaka wa themanini na moja
bado hawajakubaliana.

Jumanne iliyofuata nikasikia kikohozi.
Hana tiketi, hana glavu.
Akaweka sweta juu ya mizani yangu.
"Kilo moja na gramu mia mbili," nikasema,
kwa mazoea tu.
"Nimesahau kupunguza unga," akasema.

Ndege iliruka na abiria wanne.
Niliisindikiza kwa macho
hadi taa ya mkiani ikamezwa na wingu,
nikaenda kutafuta kisu.
Tulikuwa kwenye kipande cha tatu
wenzetu wa Kirkenes walipopiga simu: imetua.
Sikuwajibu mara moja.
Mdomo ulikuwa umejaa,
na siagi ilikuwa bado inayeyuka.